Kiti Kilichorudi Nyuma

Baba mkwe wangu nilimjua kwa kisogo. Usicheke. Nimeishi naye uwanja mmoja hapa Nkende tangu nilipoolewa na mwanawe. Nimefua mashuka yake, nimempikia, nimemwombea alipougua, na kwa miaka yote ile ungeniuliza sura yake ikoje ningekwambia nenda kamuulize mkewe. Nilichokijua mimi ni mvi za kisogoni, shingo nyembamba ya mwalimu mstaafu, na kofia ya pama aliyokuwa akiishusha kila aliposikia kandambili zangu zinakuja. Nilijua pia kikohozi chake. Kile kilikuwa kengele ya uani kwetu. Akikohoa maana yake anatoka nje, nami naingia jikoni na kurudisha mlango.

Kwa Wakurya wanaoshika mila, mwanamume na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na mzee haingii nyumba ya mkamwana wake hata iwe inaungua. Wana neno lao, insoni, ndugu wa soni ya Kiswahili, ila lina uzito zaidi. Siku hizi wako wengi wanaolegeza, hasa hapa mjini. Baba mkwe hakulegeza. Mtu amefundisha sayansi maisha yake yote, amewaambia watoto wa Natta na Nyambureti kwamba radi ni umeme tu na mvua haiiti mtu kwa jina, lakini ukimgusa kwenye hilo, hasogei hata kidogo.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, muuguzi wa macho, serikali ndiyo iliyonileta huku. Bibi yangu alikuwa akimwona baba mkwe wake njiani anajitupa kwenye migomba na mzigo wake wa kuni kichwani. Tulikuwa tukimwigiza mpaka tunaishiwa pumzi. Nilidhani mambo hayo yamezikwa naye. Basi siku mume wangu Mwita aliponileta kwao mara ya kwanza, nikamwona mzee kibarazani anavua viatu, nikamwendea mbio na adabu zangu zote, nikapiga magoti, nikanyoosha mikono miwili. "Shikamoo, baba!" Mwe! Mzee aliinuka na soksi zake, akaugeukia ukuta, akauambia ukuta "Marahaba," kisha akazunguka nyuma ya nyumba na kuruka uzio wa michongoma. Viatu vikabaki mbele yangu. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Mwita akasema alisahau kuniambia. Alisahau! Hilo nimelitumia kwenye kila ugomvi wetu na bado sijachoka kulitumia.

Tangu siku hiyo tukaongea kwa "mwambie". Yeye yuko kibarazani, mimi jikoni, mama mkwe amekaa katikati anachambua dagaa, na sote watatu tunasikiana vizuri kabisa.

"Mwambie leo chumvi imezidi."

Mama mkwe hafungui hata mdomo.

"Mwambie baba nimesikia," nasema mimi.

"Mwambie nimekula yote lakini. Saba kwa kumi."

Alitoa alama kwa kila kitu. Mvua ya kwanza ya vuli ilipata sita kwa sababu ilikuja na mawe. Mahubiri ya Jumapili yalipata tano, na hotuba ya diwani ilipata mbili, moja ya mwandiko. Hakuna aliyewahi kupata kumi, hata mama mkwe, ambaye alisema yeye alishakata tamaa tangu ujana. Na neno lake lilikuwa "Soma swali." Mwita akitaka kununua gari, soma swali. Bodaboda akikata kona kwa fujo, soma swali. Jogoo wa jirani akiwika kabla ya alfajiri, utasikia sauti chumbani, kavu, ya mtu aliyeamshwa: "Huyu naye hajasoma swali."

Sasa nije kwenye tivii, maana ndiyo iliyotukutanisha. Sebuleni kwake palikuwa na tivii bapa, kioo kikubwa kinachomeza nusu ya ukuta, na hakutazama mpira wala taarifa ya habari. Alicheza gemu. Si hizi za vijana zenye damu na kamera zinazozunguka. Alicheza zile za kaseti, za zamani, zenye vijitu vya vijisanduku na muziki wa tii-tii-tii. Ilianzia kwa mwanafunzi wa bweni, huko Natta, aliyeingiza mashine ya gemu shuleni kutoka Sirari. Mwalimu akaikamata, akaifungia ofisini. Shule ilipofungwa mwanafunzi akaenda kuomba mashine yake kwa unyenyekevu, akijua atakula fimbo, akamkuta mwalimu ameiunganisha kwenye tivii ya shule, amefika hatua ambayo yeye hajawahi kuiona. Hakupigwa. Aliombwa akae aeleze pale kwenye daraja watu huwa wanavukaje.

Baada ya hapo akanunua ya kwake, akaichezea kwenye tivii ya chogo, zile nene za zamani, miaka mingi, watoto wake wakiruhusiwa kutazama na kukatazwa kugusa. Kisha kaseti zikaota kutu kwenye meno, chogo likapiga shoti, akakaa bila. Mwita ni fundi umeme kwenye kambi ya watalii upande wa Natta, anarudi nyumbani akipewa likizo. Likizo moja akaja na kompyuta ndogo ya kuchomeka nyuma ya tivii, ina emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye ile mashine ya zamani. Gemu zilezile, sauti zilezile. Mama mkwe anasema mzee aliposikia ule muziki wa kuanzia alivua kofia.

Hakuridhika lakini, mwalimu ni mwalimu. Picha za gemu zile ni kama mraba, na tivii za sasa ni pana, kwa hiyo kushoto na kulia vinabaki vipande vyeusi. Mwita akainyoosha picha ijae kioo. Mzee akatazama, akasema, "Umeninenepeshea watu," ikarudishwa ilivyokuwa. Halafu akalalamika kwamba anabonyeza na kile kijitu kinafikiria kwanza ndipo kiruke. Mwita akabisha, akasema ni uzee. Hee! Mzee alizama kwenye menyu za tivii wiki nzima akiwa na miwani yake ya kusomea, akapata mahali pa kuzima mapambo ambayo tivii inaiwekea picha, na kijitu kikaruka papo hapo. Na emuleta ina kitu kingine: unaweza kuhifadhi gemu mahali popote, ukifa unarudi palepale. Hicho hakukigusa kamwe. "Huko ni kuangalizia," alisema, kwa sauti ya msimamizi wa mtihani. Na mtu huyohuyo akicheza drafti na mama mkwe, mama akiinuka kutazama chungu, kete zinahama.

Mimi nilianza kucheza kwa upweke, nisidanganye. Mwita yuko kambini, kazini nimeshinda na macho ya watu, jioni nimekaa kwenye nyumba yetu ndogo ya uani. Aliniwekea gemu zile kwenye laptopu, nikawa napoteza muda na gemu la vifaru vya vita, viwili vinalinda ngome ya matofali, maadui wanashuka kutoka juu ya kioo. Siku moja nikasikia kutoka kibarazani, "Nani anacheza huko?" Nikapunguza sauti. "Mwambie anabonyeza kabla ya kutazama. Nne kwa kumi."

Nne! Niliumia. Siku ya pili nikaongeza sauti makusudi ili asikie ninavyovuka. Likizo iliyofuata Mwita akapitisha waya wa mtandao juu ya kamba ya kuanikia nguo, kutoka sebuleni kwao mpaka dirishani kwangu, na tukawa tunacheza gemu moja, kila mtu na kioo chake. Mama mkwe aliuliza kama hiyo si kukaa chumba kimoja. Baba mkwe akafikiri siku mbili. Jibu lake: "Kifaru si mtu."

Chake cha njano, changu cha kijani. Niseme ukweli, ni hapo nilipomjua. Mtu asiyeonekana uso utamjua kwa anachofanya ukiwa na shida. Mimi nina papara, nakimbilia maadui juu, naacha ngome wazi. Kifaru cha njano kinarudi taratibu, kinaziba. Zawadi ya nyota ikitokea, ananiachia mimi. Akikasirika hapigi kelele, anasimama tu mbele yangu, ananizuia njia mpaka nitulie. Mara nyingine namsikia kule ng'ambo anawafokea maadui kwa Kikurya kama vijana wake, "Mura, unakimbilia wapi!" nami nacheka peke yangu, mkono mdomoni, kwa sababu kumcheka mzee nako si adabu.

Kuna mwaka mimba yangu ilitoka. Ilikuwa imeshaanza kucheza. Watu walikuja, walisema yale wanayosema watu, wengine walisema yale wasiyopaswa kusema. Yeye hakuweza kuja wala kutuma "mwambie", maana hilo ni jambo la mwili wangu na mdomo wake haukuruhusiwa kufika huko. Jioni moja, bado nina maumivu, nikasikia ule muziki wa kuanzia. Nikafungua laptopu. Kifaru chake kilikuwa kimekuja upande wangu. Hakupiga risasi hata moja siku hiyo. Alisimama mbele yangu, kila risasi iliyonijia akaipokea yeye, akafa, akarudi, akasimama tena, mpaka maisha yake yote yakaisha nikabaki peke yangu na ngome. Nililia sana. Hakuna aliyenifariji kuliko yeye.

Kwa hiyo nilipoona anaanza kukosa maadui wa pembeni, nilijua mapema, na niliogopa mapema.

Mwanzo nilidhani amechoka. Adui anashuka ukingoni kabisa, kushoto kwake, pole pole, tayari kupiga, na kifaru cha njano kimesimama tu kama hakimwoni. Ngome inavunjwa. "Mwambie hii tivii inakata picha," akawa anasema. "Vile vipande vyeusi vinapanuka." Mwita akaambiwa kwa simu, akaelekeza menyu za kubonyeza. Vipande vikapanuka tu. Mzee akauza ng'ombe akaleta tivii kubwa zaidi, kubwa mpaka wakaondoa kabati, na akawa anakosa zaidi. Nikasema moyoni, Mungu wangu, tivii ikiwa kubwa pembe zinakwenda mbali zaidi na jicho.

Kilichonimaliza ni kiti. Mama mkwe alikuwa analalamika jikoni, kwa mzaha tu, kwamba kiti cha mzee hakitulii. Zamani kilikuwa kwenye zulia. Kikarudi mpaka ukutani. Kikarudi mlangoni. Mwishowe mzee akakitoa kibarazani kabisa, akawa anacheza akiwa nje, anatazama tivii kupitia mlango uliofunguliwa, mgongo uani, kisogo kwangu. Mtu ambaye macho yamekuwa mazito anasogea karibu na tivii. Anayerudi nyuma anataka picha iwe ndogo, iingie kwenye kitundu kilichobaki. Niliweka chini bakuli nililokuwa nalo.

"Mama," nikasema, "mzee ana presha ya macho."

"Yule? Anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo."

Ndivyo ugonjwa ule ulivyo. Unakula pembeni, unaacha katikati, mwenyewe anasoma gazeti na kujiona mzima mpaka siku anagonga mwimo wa mlango. Mama akapeleka ujumbe. Jibu likarudi kibarazani, kwa sauti ya kunisikilizisha: "Mwambie macho yangu hayana neno. Na hata yangekuwa nalo, hapa wilayani anayepima macho ni nani? Ni yeye. Atanipima vipi mkamwana wangu?"

Kipimo cha kwanza cha pembe za macho, jamani, ni kukaa uso kwa uso na mgonjwa, magoti karibu kugusana, kila mmoja amemkazia mwenzake jicho, na wewe unachezesha vidole pembeni. Hakuna tendo duniani lililo mbali zaidi na insoni kuliko hilo. Nikampigia Mwita ampeleke Mwanza. Mwita akasema baba ni mbishi, mwache kwanza, likizo ikifika tutaona. Sikulala kwa hasira. Bado mzee alikuwa anaendesha pikipiki yake kwenda sokoni, na barabara yetu ina malori yanayotoka Sirari.

Nikasema basi nitampima kwa njia anayoikubali.

Jioni iliyofuata tulianza kama kawaida. Tulipofika katikati ya hatua, nikapeleka kifaru changu kushoto, mpaka ukingoni kabisa, nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kila kitu kikaganda. Nikatoka nikasimama mlangoni kwangu. Kibarazani niliona kisogo, na mbele yake, ndani, kile kioo kikubwa kinawaka. Mama mkwe alikuwa katikati ya uwanja, anapepeta mtama.

"Mama, mwambie baba atazame ngome tu, asizungushe macho. Halafu muulize, kifaru changu kiko wapi?"

"Mwambie ametoka kwenye gemu," mzee akajibu haraka. "Atakuwa ameenda kutazama chungu."

"Mwambie sijatoka."

"Mwambie aache utani. Namwona adui mmoja, naiona ngome, najiona mimi. Yeye hayupo."

"Mama, mwambie nipo mkono wake wa kushoto, ukingoni. Sasa ageuze kichwa."

Kisogo kilianza kugeuka, taratibu, taratibu, mpaka nikadhani atageuka mzima. Kikasimama. Mama mkwe aliacha kupepeta. Mzee akarudisha kichwa katikati, akakigeuza tena kushoto, akarudisha. Alikuwa anahakikisha, mwalimu wa watu.

"Mwambie..." akaanza. Hakumalizia.

Hapo ndipo nilipomsemesha mwenyewe. "Baba, si tivii."

Ungo ulimponyoka mama. Nilitegemea aruke tena michongoma. Hakusogea. Akaiuliza tivii, "Ni nini?"

"Presha ya macho, baba."

"Pembe zitarudi?"

"Zilizokwenda hazirudi. Zilizobaki tunaweza kuzishikilia, ukiwahi."

Akazima tivii. Hakutoa alama yoyote. Kesho yake alimpa jirani funguo za pikipiki, na Mwita aliitwa kutoka kambini kwa maneno ambayo sikuyasikia lakini niliona alivyokuja mbio.

Mwanza walithibitisha. Jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha, la kulia limebaki kitundu. Akapewa dawa ya matone, kila siku, maisha yake yote, bila kuruka. Na hapo shida yenyewe ikaanza, maana matone yanahitaji mkono. Wake ulitetemeka. Wa mama mkwe ulitetemeka zaidi. Tone linatua shavuni, linatua kwenye sikio, linatua kwenye kola ya shati. Nilimfundisha mama kudondosha maji juu ya kitunguu badala ya jicho, alijitahidi, alilia. Uwanja ule ulikuwa na mkono mmoja tu unaojua kazi hiyo, mkono unaotia dawa macho ya watu wa wilaya nzima, nao ndio uliokatazwa.

Nikaomba kupitia mama. Nikaomba kupitia Mwita. Mwisho nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni nikaomba mwenyewe.

"Baba, nifunge kitambaa usoni. Ulale, ufunge jicho jingine. Tone moja tu."

"Mwambie nimeishi naye miaka yote hii hakuna mtu wa Nkende aliyepata la kusema juu yake," akasema. "Mume wake hayupo nyumbani, wiki kwa wiki. Mimi ndiye ukuta wake. Ukuta haubomolewi kwa tone la dawa."

"Utapofuka, baba!"

"Mwambie nimesikia."

Nilimpenda, na nilitaka kumshika mabega nimtikise. Kuna wakati nilimchukia kabisa. Niliwaza, mtu anaachaje kuona kwa ajili ya heshima yangu mimi ambaye sijaiomba? Halafu nakumbuka wanawake wenzangu wa mitaa hii, waume wao wako migodini na makambini, na yanayosemwa juu yao kisimani, na kwamba juu yangu hayakuwahi kusemwa. Sijui kulipima jambo hilo mpaka leo. Kijana mmoja, muuguzi wa zahanati, alikubali kupita jioni kwa jioni, alipokuwepo. Kisha akahamishwa. Tukarudi kwenye kitunguu.

Kifaru cha njano kiliendelea kuja mpaka mwaka jana. Nilikuwa nalinda pande zote mbili, yeye akikaa karibu na ngome, hapo anapopaona. Baadaye akawa anapiga ngome yetu wenyewe. Siku moja kifaru hakikusogea kabisa, nikacheza mpaka nikashindwa, na muziki wa mwisho ukalia kote kuwili, kwangu na kwake. Waya ukabaki juu ya kamba ya nguo. Sikuutoa.

Mwezi uliopita, jioni, mvua imetoka kunyesha, mama mkwe akaja mlangoni kwangu bila kandambili.

"Mzee anakuita."

"Anasemaje?"

"Hajasema mwambie. Anakuita wewe."

Nilikwenda mpaka kibarazani nikasimama nje ya mlango. Kiti kilikuwa kimerudishwa kwenye zulia, karibu kabisa na tivii, maana umbali haukuwa tena na kazi. Tivii imewashwa. Amekaa na pedi ya kuchezea gemu mkononi, nyingine ameiweka kwenye kigoda pembeni yake.

"Ingia," akasema.

"Baba, mimi..."

"Ingia, mwanangu. Aliyekatazwa ni mwenye kuona. Mimi nimeshatoka humo."

Nikaingia. Nikaichukua ile pedi ya pili. Nikakaa kwenye kigoda. Akaniambia nimwelekeze, nami nikamwelekeza, kushoto baba, juu, piga, piga tena, na kile kifaru kikawa kinagonga matofali na kuzunguka hovyo, maadui wakashuka wakatuvunjia ngome kabla hata sijapata pumzi. Alicheka. Sijawahi kukaa karibu na kicheko chake.

Kisha akaweka pedi chini, akanigeukia. Uso mzima. Nikautazama kama ninavyotazama nyuso za watu kazini, na zaidi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinikataza. Macho yake yalikuwa wazi, safi, hayana hata wekundu. Yaliishia hewani juu kidogo ya bega langu.

"Sikuwahi kukuangalia," akasema. "Hata kwa wizi. Picha yenu ya harusi iko nyumbani kwako, na nyumbani kwako siingii. Nilijiambia nitakapozeeka sana, mila zitanihurumia, nitakutazama mara moja tu. Sikusoma swali."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Sasa niambie, mwanangu," akasema. "Ukoje?"